Tyubu Niliyoikata

Isiolo,
9 Machi 1981

Kwa kaka yangu, Abowe Awale,

Asalaam aleikum. Natumaini Doyo, dereva mwenzako, atakukuta mzima hapo Sericho, na kikohozi cha vumbi kimepungua. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Hoyo, mama yetu, mguu bado unamsumbua, lakini ulimi uko imara kabisa, kila jioni ananiuliza kama umeshapata tyubu mpya ya kurudi nayo nyumbani. Doyo amekuletea. Mvua hatujaona hata wingu.

Abowe, ulinicheka ulipokuta cherehani yangu imefunikwa na mfarishi wa mwalimu Karimi. Ulisema nashona godoro. Haya, cheka. Mfarishi ni vitambaa viwili na pamba katikati, na lazima uusukume chini ya sindano kwa viganja, ukiupindisha huku na huku bila kuteleza. Na ulikuwa unateleza! Mikono yangu imekauka kwa jua la huku, nikibonyeza kitambaa kinakimbia, mshono unaruka. Karimi alitaka kazi yake kabla mjukuu hajazaliwa, na alinionya kwamba ikiharibika hataniletea walimu wenzake. Tangu mume wangu afariki, cherehani hiyo ndiyo inalisha wanangu, unajua.

Nikajaribu kila kitu kisicho na bei. Nililamba vidole mpaka mdomo ukakauka. Nikapaka nta niliyoomba kwa M'Ikiara muuza asali, ikaacha madoa, nikafua siku nzima. Utomvu wa mti ndio usiseme, nusura nijishone pamoja na kitambaa. Glavu za mpira ziko Nanyuki, na bei yake ni ya wake za matajiri. Mwishowe nikakata mpira wa tyubu vipande vipana kama pete, nikavivaa vidoleni, na kitambaa kikatii. Kilikwenda nilikotaka. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Sasa tuje kwa Lokorio. Doyo alitueleza yote aliporudi safari iliyopita. Kwamba gurudumu lilipasuka mbali kabla ya Sericho, ukafungua gunia la tyubu ya akiba, ukaikuta imekatwa. Kwamba mlikaa siku mbili juani, mbuzi wakafa nyuma ya lori, nawe ukanywa maji ya rejeta ya injini. Kwamba Lokorio, taniboi wako aliyekusaidia kwenye lori miaka sita, mtu mzima kuliko wewe, ndiye aliyetembea mpaka akapata wachunga ngamia, akarudi na maji. Na kwamba mlipovutwa mpaka Sericho ulimwita mwizi mbele ya duka la Duale. Ulisema amemuuzia fundi viatu kipande cha tyubu, ukamvua koti la kazi watu wakitazama. Doyo anasema umeapa kwamba ukifika Isiolo Ijumaa utampeleka polisi.

Juzi Lokorio alikuja kuchukua blanketi lake kwenye stoo yetu. Nilikuwa kwenye cherehani. Alisimama mlangoni, akatazama pete za mpira vidoleni mwangu, moja ikiwa na kiraka, na mguu wangu ukaacha kukanyaga. Akasema polepole, "Kiraka hicho nilikibandika mimi."

Nikaficha mikono chini ya kitambaa. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama atakwambia. Akauliza nani atamsikiliza yeye, na mimi ni dada yako. Akabeba blanketi, akashika njia ya Ngaremara kwa miguu.

Abowe, ni mimi niliyeikata. Ilikuwa kwenye gunia pale mlangoni, siku moja kabla ya safari yako. Niliona viraka saba, nikadhani ni ya kutupwa. Nikakata kipande cha kunitosha, iliyobaki nikairudisha ndani. Wallahi sikujua. Lakini Doyo alipoleta habari nilijua palepale, na nikanyamaza siku tisa huku nikiendelea kushona kwa mpira uleule. Niliogopa hasira yako. Niliogopa Karimi asikie. Nilipomwambia Hoyo, akasema nifunge mdomo, nyumba yetu ina jina tangu babu arudi na medali za vita, na Mturkana huyo atapata lori jingine. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula. Nusura ufe kwa sababu yangu, na aliyekuokoa ndiye anayeitwa mwizi.

Nakujua vizuri. Ungesoma barua hii peke yako, ungeichoma, ungemrudisha Lokorio kazini kimyakimya, na watu wa Sericho wangemwita mwizi mpaka kufa kwake. Kwa hiyo bahasha sikuifunga. Nimemwomba Doyo asikupe mkononi. Nimemwambia asimame mbele ya duka la Duale, palepale ulipomvua yule mzee koti, aisome kwa sauti kuanzia salamu mpaka jina langu, nawe ukiwepo. Kama umekasirika, kasirika. Ijumaa nitakuwa nyumbani, sitakimbia.

Hoyo anakusalimu, ingawa hajui nimeandika. Wanangu wanakuamkia. Nawasalimu pia ninyi nyote mnaosikiliza hapo dukani. Mkikutana na Lokorio, mwombeni radhi, mimi nitawatangulia kumwomba kesho asubuhi huko Ngaremara.

Ni mimi dada yako,
Khadijo