Pekupeku Hekaluni

Jumatatu, 4 Aprili 2011. Lawrence Heights
Zamu imeisha saa tisa. Nimepika, nimepiga pasi, nimefunga begi. Kesho safari, Guangzhou. Binti yangu Rehema kachumbiwa na Jun, na Jun kalelewa na bibi yake huko. Bibi akikataa, hakuna ndoa. Anataka kutuona kwanza, tena hekaluni, hekalu la kale la Kitao, dini ya jadi ya Wachina, anakosali tangu usichana. Mimi Mwislamu wa Tanga, ingawa miaka mingi niko huku ughaibuni. Nakwenda kama mgeni. Kuingia si kuabudu. Nimejiambia hivyo mara kumi leo.

Alhamisi, 7 Aprili. Guangzhou
Tulifika jana. Miguu imevimba, roho nyeupe. Supu ya tambi za mboga, mabakuli mawili.

Jun kanieleza kwamba bibi humpa kila mgeni vijiti vya udi, avichome mbele ya sanamu. Udi wa nyumbani naupenda. Huu siwezi. Rehema kanuna. "Mama, please, shika tu. It's just a stick."

Naogopa. Sitaki kuwa mimi niliyevunja ndoa ya mwanangu.

Jumamosi, 9 Aprili
Mvua asubuhi. Ngazi nyingi, mawe yamelika katikati. Bibi mfupi, macho makali, vijiti vya udi tayari mkononi. Nilipofika mlangoni mazoea yakanishinda. Nikavua viatu, nikavipanga ukutani, nikaingia pekupeku. Kumbe huko hakuna anayevua! Watu wote wakanitazama. Jun akaninong'oneza nivivae. Aibu mpaka masikioni.

Bibi akauliza kulikoni. Nikamwomba Jun atafsiri. "Kwetu nyumba ya ibada huingii na viatu. Ila udi wako siwezi kuuchoma, bibi. Dini yangu hainiruhusu. Nisamehe."

Akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu. Vijiti vyangu akampa Jun. Kisha akanishika mkono, akanitembeza ua mzima, polepole, akinichagulia pakavu pa kukanyaga. Rehema akalia. Mimi nilicheka tu, kwa furaha, kama mwehu.

Jumapili, 17 Aprili. Nyumbani, Lawrence Heights
Baridi bado ipo. Jun kapita na habari: bibi kapiga picha za viza. Hajawahi kupanda ndege maishani.

Nimefua mapazia ya chumba changu. Atalala humo. Mimi nitalala na Rehema.