Diski ya Kuweka kwa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Wezi wameingia kwa mpiga picha, mlango wa pili kutoka ofisini kwangu. Wamebeba kompyuta, kamera mbili, na hata birika la umeme — birika! Miaka sita ya harusi za watu, kwaheri. Nikamuuliza kama hakuwa na nakala. Alikuwa nayo, maskini. Diski ya nje, kwenye droo ya meza ileile. Wezi hawakupata hata shida ya kutafuta.

Nimerudi mezani kwangu nikaitazama laptopu. Ramani za nyumba za watu, miaka kumi na tisa ya kuchora. Na picha zote za maisha yangu. Nakala? Flashi moja ambayo hata kifuniko nimekipoteza. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kesho naenda dukani.

Jumatano, 5 Machi

Kesho ikawa keshokutwa.

Mwenye duka la kompyuta ana miwani mbili, moja usoni, moja utosini. Nilidhani nitasema nipe diski ya nje, nilipe, nitoke. Wapi! Ameuliza kubwa kiasi gani. Nimesema ya wastani. Amecheka. Tera moja yanitosha, tera mbili zanitosha mpaka nizeeke. Halafu kuna aina mbili. Ya kuzunguka: ndani ina sahani inayozunguka, bei nafuu, ila ukiiangusha umeiaga. Na isiyozunguka: nyembamba kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, bei karibu mara mbili, lakini hata ikianguka unaokota unaendelea.

Nikauliza, na kuweka mtandaoni je? Kwa mtandao wa nyumbani kwangu amekadiria siku kumi na moja, usiku na mchana, bila kukatika. Hapo nimecheka mimi.

Kisha akasema neno lililonirudisha nyumbani mikono mitupu. Nakala inayokaa nyumba moja na kompyuta inaibiwa nayo, inaungua nayo. Iwekwe kwa mtu mwingine. Mtu ninayemwamini, asiyehamahama, asiyepoteza vitu.

Nani?

Alhamisi, 6 Machi

Dada kapiga simu. Ilete kwangu, kasema. Nampenda dada yangu kuliko nafsi yangu, lakini nyumba yake ni shimo. Pasipoti yake ilikutwa kwenye friza. Nimesema nitafikiria. Akajua. Kauliza, basi utampa nani?

Nimemtaja Mama.

Akauliza: Mama yupi, maana wetu tulimzika. Nikasema mama wa Yule Bwana. Hapo nimepewa hotuba. Kwamba talaka sasa ina miaka miwili. Kwamba sikuzaa na yule mtu, kwa hiyo hakuna kamba inayonifunga na nyumba ile. Kwamba tarehe ishirini na tisa mwezi huu anaoa, nyumba inapata mkwe mpya. Na mimi kila baada ya wiki mbili nakwenda kumkata kucha za miguu mama wa watu eti kwa sababu mgongo wake hauinami! Kucha hizo nitazikata mpaka lini?

Dada huropoka sana, lakini leo hakuropoka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimenunua.

Mwenye duka kauliza diski itakaa wapi. Kabatini kwa mtu, nikasema. Basi chukua ya kuzunguka, akasema, hiyo ukiifunga vizuri waweza kuisahau mwaka mzima, haina neno. Hii nyembamba haipendi kusahauliwa. Ikikaa muda mrefu bila umeme yaweza kuanza kupoteza vitu. Itabidi kila mara nikaichomeke, niongeze na mapya.

"Kila mara ndiyo kila lini?"

"Mwezi, miezi miwili. Usumbufu tu, dada."

Nimechukua nyembamba.

Nimejiambia ni kwa sababu mikono ya Mama inatetemeka siku hizi, kitu chaweza kumponyoka. Mwongo mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Machi

Kunakili kumechukua saa sita. Karibu nikate badala ya kunakili, yaani nihamishe kila kitu nibaki na laptopu tupu. Mkono ulishabonyeza! Nimerudisha, jasho likinitoka.

Nilikusudia kubeba ramani tu, miaka ya ndoa niiache. Nikafungua folda moja kuhakikisha. Kosa. Yule Bwana na masharubu aliyofuga kwa kubishana na wenzake kazini. Si mtu mbaya. Tulichokana tu, kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake aanze kusema.

Lakini Mama! Mama yumo kila mahali. Mama ananipima mkono wa gauni, pini mdomoni. Mama kaweka kichwani sufuria niliyomnunulia, anaijaribu kama kofia. Na ile ya hospitalini, nilipopoteza mimba ya pili. Kalala kwenye kiti kando ya kitanda changu, mdomo wazi, viatu kavipakata. Siku nne hakwenda kwake. Mwanawe alikuja akaondoka, akaja akaondoka. Yeye alikaa.

Nimenakili zote. Nampenda yule mama. Basi, nimeandika.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia. Nikazunguka weee — presha inaendeleaje, paka hajambo, bomba limetengenezwa? Mwisho nikasema nina kitu naomba anitunzie. Hakuuliza ni nini. Kasema njoo nacho Jumamosi, na ukumbuke kikata kucha chako, changu ni butu.

Harusi hakuigusa. Mimi pia.

Ijumaa, 14 Machi

Diski nimeifunga ndani ya soksi ya sufu. Mpya. Nimeifungua mara mbili kuhakikisha imo.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa kwa Mama, sebuleni, kwa penseli niliyoikuta mkobani. Yeye yuko jikoni. Kucha tayari.

Kwamba alikuwa karani wa masjala hospitalini, miaka thelathini akitunza mafaili ya wagonjwa, nilijua. Kwamba hakuwahi kustaafu, sikujua. Kabati la chuma chumbani kwake, ambalo miaka yote nilidhani ni la mashuka, limejaa bahasha zenye namba. Vitu vya watu! Hati ya kiwanja ya jirani. Vyeti vya shule vya Yule Bwana. Miwani ya marehemu mumewe, namba moja. Na daftari kubwa lenye safu zilizopigwa rula: namba, kitu, mwenyewe, uhusiano, anayeruhusiwa kukitoa.

Diski kaipokea kwa mikono miwili. Kauliza kama naye yumo humo. Nikamwambia amejaa tele. Na mwanangu? Naye yumo. Akaitikia kwa kichwa, akaandika namba thelathini na nne.

Nikamweleza habari ya kuichomeka. Kila mwezi nije niichukue, kisha niirudishe. Nilitegemea alalamike. Kajaza safu ya mwisho kwa herufi kubwa: MWENYEWE TU, AJE KWA MIGUU YAKE.

Jicho langu likapanda mstari mmoja juu. Thelathini na tatu, wiki iliyopita. Vyeti vya kazi, jina la bibi harusi. Uhusiano: mkwe.

Aliniona nikisoma. Hakufunika. Kasema polepole kwamba ni mtoto mzuri, ana heshima, hana la kumsema. Nikasema najua. Na kweli najua, ndiyo maana nimekosa hata wa kumchukia.

Kisha akanisogezea daftari na kalamu. Safu ya uhusiano alikuwa ameiruka.

"Hapo jaza mwenyewe," kasema. "Mimi la kwangu nalijua. Lako silijui."

Akaenda kuangalia sufuria yake.

Nimejaribu kila neno. Mkwe limeshachukuliwa. Mtalaka wa mwanawe — hilo ni la mahakamani. Rafiki — atanipiga na daftari hilihili. Mtoto. Nimeiweka ncha ya kalamu kwenye mstari, ikaacha nukta, nikaogopa. Mtu anajiandikaje mwenyewe kuwa mtoto wa mtu?

Kauliza kutoka jikoni kama nimemaliza. Nimesema bado.

"Basi huondoki mpaka ujaze."

Kalamu yake nimeifunika bila kujaza.