Hayupo, Haonekani

Shangazi,

Nakuomba barua hii usimwonyeshe mtu, hata mjomba.

Unamkumbuka yule nondo wa msituni, mwenye mabawa yanayofanana na gome la mti? Mkaguzi wa mazingira aliandika katika ripoti yake kwamba sasa "haonekani", maana viwavi wake wameshajizika udongoni, watoke na mabawa mvua zikianza. Mimi, nikinakili ripoti, niliandika "hayupo". Sheria inakataza kukata msitu alimo nondo huyo; kwa neno langu hilo, utakatwa Jumatatu.

Nilipokiri, bosi alicheka. "Kijana, umetusaidia! Funga mdomo, la sivyo tutasema ulighushi."

Wewe ni wakili, utajua la kufanya. Usipige simu ofisini. Njoo Ijumaa, mwambie mlinzi umefuata koti langu ukanishonee kifungo. Ripoti ya mkaguzi imo ndani ya bitana.

Mwanao mwoga,
Karani