Shikamoo Yangu kwa Jaji Aliyeapishwa Urais

Shangazi Mwanaidi, shikamoo yangu ikufikie hapo Mabawa.

Huku visiwa vya Karibi jua linachoma na mvua inanyesha papo hapo. Leo ameapishwa rais, mama aliyezeekea kwenye ujaji. Serikali anaiendesha waziri mkuu. Huyu rais amepewa heshima ya nchi. Alipopita kutusalimia sisi tuliojaa uwanjani, nikapiga goti bila kufikiri, mkate wa samaki mkononi: "Shikamoo!" Akasimama; nikamweleza ni salamu ya kwetu kwa mkubwa, akauliza mkubwa hujibu nini. Nikamwambia. Akaitikia kwa sauti ya mahakamani: "Marahaba!" Uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo!

Basi kile kiti cha mzee wa baraza mahakama ya mwanzo, unachotaka kukikataa kwa maneno ya majirani kwamba si cha mwanamke, kakikalie. Nikirudi nitakuja kukupigia goti hapo hapo, nawe uniitikie wasikie wote.

Akupendaye,
Zuhura