Juma Hamisi Tuko Wengi

Jumatatu, 5 Mei

Baiskeli sita leo. Pancha nne, spoku mbili. Mvua asubuhi, mvua mchana, uchochoro wetu umekuwa uji. Mzee mmoja wa Usagara kaleta rimu imepinda kama kifuu. Nimeinyoosha mpaka inazunguka bila kuyumba. Kasema hajapata kuona mkono kama wangu. Nikamwambia najua.

Kubwa la leo. Kapita kijana wa anwani za makazi na kishkwambi chake, anaandikisha njia zote za mtaa zipate vibao. Kauliza uchochoro huu unaitwaje. Watu wakamjibu kwa mpigo: kwa Juma Hamisi. Ndivyo unavyoitwa tangu mie sijazaliwa. Akaandika. Akauliza Juma Hamisi ndo nani.  Ikawa kelele, kila mtu na wake.

Mie nikamwambia ndo mimi. Kaniangalia ndala zangu, moja nyekundu moja bluu, akacheka. Acheke. Kitambulisho ninacho, na jina ni hilohilo.

Jumanne, 6 Mei

Acha nijipangie. Hapa Chumbageni ukiita "Juma Hamisi!" inageuka nusu ya baraza. Lakini wenye sifa ni watatu.

Kuna Alhaji Juma Hamisi. Kazaliwa nyumba ya kona hapa, sasa yuko Muheza, machungwa yake yanajaza malori mpaka Nairobi. Kuna Juma Kipa, zamani kadakia timu ya mkoa. Goti limekufa, mdomo mzima. Penalti moja aliyoiokoa anaisimulia mpaka leo, na kila mwaka ule mpira unazidi kwenda kasi. Halafu Mwalimu Juma Hamisi, mstaafu, kafundisha nusu ya mji. Mie kanichapa darasa la sita kwa kuchonga jina langu kwenye dawati. Nikamwambia, Mwalimu, na lako pia si hilo? Akaongeza mbili.

Wa nne mie, Juma Spoku, kidato cha pili na nusu. Sifa zangu zinakuja, ziko njiani.

Sote tunaitana somo. Mwenye jina lako ni somo yako, unamtania hakasiriki, na akitukanwa kwa jina hilo umetukanwa na wewe. Hata Alhaji nikimwona namwambia, "Somo, nitupie chungwa." Ananitupia. Bovu, lakini ananitupia.

Alhamisi, 8 Mei

Alhaji kaja na gari lake jeupe. Kashusha matofali ya pevingi, kayapanga pale mdomo wa uchochoro, hatua kama kumi, watu wakanyage waone utamu wake. Kasema atatandika yote mpaka mwisho. Sharti moja: kibao kiandikwe Uchochoro wa Alhaji Juma Hamisi. Kina mama wakapiga vigelegele. Hata mie nimekanyaga. Ni matamu kweli.

Juma Kipa kanuna, kasema yeye ndiye aliyeutoa mtaa gizani. Mwalimu kaandika barua ya kurasa tatu, na mistari kaipigia kwa rula. Mama Mwenyekiti wa mtaa kasema basi, mkutano Jumapili ya tarehe 18, na kila anayedai aje na shahidi mtu mzima wa kueleza jina lilianzaje.

Mbelwa, mwenzangu wa kijiwe na mtani wangu, Msambaa wa Bumbuli, kacheka mpaka kaangusha spana. "Nyie watu wa pwani mnagombea tope!" Nikamwambia mtumwa wangu nyamaza, ushike pampu.

Ijumaa, 9 Mei

Nilikuwa na akili kubwa leo. Mtu mzima kuliko wote uchochoroni ni nani? Bibi yangu, Bi Mwanaidi. Na marehemu babu aliitwa nani? Juma Hamisi. Mie si nimerithi jina la babu, kama anavyorithi kila mjukuu wa kwanza. Basi Bibi asimame aseme uchochoro ni wa Babu, na Babu alikuwa nahodha wa jahazi kubwa, kafika mpaka Uarabuni. Nani atabisha? Jina linarudi nyumbani na mie nalivaa.

Nikampelekea vitumbua baada ya swala. Nikamfundisha maneno. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kanipiga na kipepeo cha jikoni.

"Nahodha wa wapi? Babu yako alikuwa akizoa vyoo."

Nikadhani utani. Si utani.

Zamani vyoo vya hapa vilikuwa vya ndoo. Babu ndiye aliyezitoa, kila alfajiri, kwa mkokoteni. Nyua zilikuwa zimebanana mgongo kwa mgongo, kwa hiyo ilibidi apite barabarani, mbele ya watu wanaokunywa chai. Walikuwa wanamtemea mate. Siku moja kaweka mkokoteni chini, kaenda mlango kwa mlango. Kawaambia kila mmoja akate hatua mbili za ua wake, apate pa kupita nyuma. Asiyekata, yeye hamtolei ndoo yake. Wakanuna siku nne. Siku ya tano wakakata wote.

Ndo uchochoro wetu. Upana wa mkokoteni na mtu mmoja wa kupisha.

Jumamosi, 10 Mei

Sikwenda kazini. Nimenusa mikono yangu mara mbili. Grisi tu. Mjinga mie.

Jumapili, 11 Mei

Nimempigia Baba, yuko Pangani kwenye nazi. Miaka yote aliniambia Babu alikuwa mfanyakazi wa manispaa. Nikamuuliza, manispaa kitengo gani? Kauliza nani kanipa maneno hayo. Nikamwambia Bibi kanieleza, na nataka kuyasema mkutanoni.

Kasema yeye shule alikaa dawati la peke yake. Kasema alihama Tanga kwa sababu hiyo. Kisha: "Ukisimama ukayasema hayo mbele za watu, usiniite baba." Kakata simu.

Nimekasirika. Si kwa Babu. Nimewakasirikia waliokunya ndooni mwao na kumtemea mate aliyeitoa. Na Baba nimemkasirikia kidogo. Na nafsi yangu, kwa ule unahodha.

Jumanne, 13 Mei

Mbelwa hana kifua. Nilimwambia jana, leo mtaa mzima unajua. Watoto wamenipita wakiimba Juma Ndoo, Juma Ndoo. Mmoja nilimzibia pancha juzi bure. Nimewaambia waimbe kwa sauti, wasikie mpaka Muheza.

Imesikika. Jioni kaja dereva wa Alhaji, yule wa miwani ya jua hata kukiwa na mawingu. Kasema bosi wake ni somo yangu, ananitakia mema. Nikikaa kimya Jumapili, nitajengewa kibanda cha bati, chenye mlango na kufuli. Mie nafanyia kazi chini ya turubai lenye matundu. Nilikiona kile kibanda, wallahi, nilikiona mpaka rangi yake. Bluu.

Nikamwambia amwambie bosi wake ajenge choo.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua imerudi. Bi Saumu wa nyumba ya tatu kateleza na ndoo ya maji, kaumia kiuno. Mwanawe kanifuata kijiweni, kaniambia pevingi tukizikosa, kiuno cha mama yake ni juu yangu.  Nikakaza nati iliyokuwa imekaza tayari.

Nikamuuliza Bibi, niseme au nisiseme? Alikuwa anachambua mchele. Kasema nguo za Babu alizianika kamba ya peke yake, kwa sababu majirani hawakutaka zipepee na zao. "Mie sikutumi. Ukisema, sema vizuri. Usiongeze jahazi."

Jumapili, 18 Mei

Mkutano. Uwanjani kwenye ile miti ya mikungu, viti vya plastiki havikutosha.

Alhaji kasema kwanza. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Kazungumzia maendeleo. Kapigiwa makofi. Mwalimu kasoma barua yake yote, hakuruka hata nukta. Juma Kipa kasimulia penalti.

Kisha mie.  Nikawasalimu wakubwa shikamoo. Nikasema, mie Juma Hamisi, mjukuu wa Juma Hamisi, aliyezoa vyoo vya mtaa huu. Nikawaeleza ya hatua mbili za ua. Nikasema atakayebisha akapime nyuma ya nyumba yake, ukuta wa zamani bado uko chini ya tope. Nikasema nyie nyote mnapita njia ya mkokoteni wa mavi yenu na mnaiona fupi kwenda sokoni. Hapo wengine wakacheka, wengine wakatukana. Bibi kaitikia tu, "Ndivyo," kwenye kiti chake. Sikuongeza jahazi.

Yule dereva kasimama nyuma kabisa, kapaaza sauti: "Juma Hamisi mzoa mavi! Huyo ndiye wa kuandikwa kibao?"

Juma Kipa kainuka. Na lile goti. "Nani kaitwa mzoa mavi? Juma Hamisi mie hapa." Mwalimu naye kavua miwani, kainuka. "Na mimi hapa." Nami nilikuwa nimesimama bado. Basi uwanja mzima ukageuka kumwangalia Alhaji. Kakaa. Dereva wake ndiye aliyelitukana jina lake. Mtu mmoja kasema, "Alhaji, umeitwa." Watu wakafa kwa kicheko. Alhaji kakusanya kanzu, kaingia garini.

Juma Kipa kasema yeye analiondoa jina lake, maana Babu yeye anamkumbuka. Kasema mama yake alikuwa akimwekea Babu chai mlango wa nyuma kila alfajiri, kwenye kikombe chake cha peke yake, kisichoingia ndani. Kalisema kama jambo zuri. Watu wakaitikia, mashallah. Mie nilitaka nimpasue na hapohapo nilitaka nimkumbatie. Sikufanya lolote.

Mwalimu kasema naye analiondoa lake, kwa sharti moja, asili ya jina iandikwe bila kosa la tahajia.

Mikono ikainuliwa. Si yote. Ya Bi Saumu haikuinuka. Lakini ilitosha. Kijana wa kishkwambi kaniuliza kazi ya marehemu aiandikeje, mhudumu wa usafi? Nikamwambia andika alizoa vyoo, akaufungua uchochoro huu. Kaandika. Nikamsimamia juu ya bega mpaka kaweka nukta.

Jumatatu, 19 Mei

Lori la machungwa limekuja mchana. Vijana wameng'oa zile hatua kumi za pevingi, moja moja, wakazipakia. Hata mchanga wamezoa. Watu wamesimama milangoni wanaangalia. Kisha wananiangalia mie.

Waniangalie. Tope si geni hapa.

Jumatano, 21 Mei

Baiskeli moja tu. Nayo ya Mwalimu, na haikuwa na kasoro. Kasema kengele hailii vizuri. Inalia.

Bi Saumu haitikii salamu yangu. Nimempelekea maji ndoo mbili, nimeziacha mlangoni. Kazichukua. Bado haitikii.

Baba hajapiga. Nimempigia mara tatu. Inaita mpaka inachoka.

Mbelwa kaniuliza, unajuta? Nikamwambia najuta kukuambia wewe.

Jumamosi, 24 Mei

Kibao kimesimikwa. Bluu, herufi nyeupe. Uchochoro wa Juma Hamisi. Hamna Alhaji, hamna Mwalimu, hamna kipa. Kuna mtu usiku kakipaka tope. Nimekiosha asubuhi kwa sabuni. Akipaka tena nitaosha tena, sabuni ninayo na kazi sina.

Jumatatu, 26 Mei

Kimepakwa. Nimeosha. Safari hii nimeosha taratibu, saa ya watu kwenda kazini, huku naimba.

Alhamisi, 29 Mei

Siku mbili hakijaguswa. Baiskeli tatu. Mzee wa Usagara kaja na rimu yake tena, imepinda vilevile. Kauliza, wewe ndo yule wa mkutano? Nikasema ndo mimi. Kasema kwao Usagara pia alipita mtu wa ndoo, jina lake hata hawalijui. 

Jumamosi, 31 Mei

Baba kaja. Hakusema anakuja. Nimemkuta asubuhi mlangoni, begi begani. Nikamwamkia shikamoo. Sikutia neno baba mbele wala nyuma, maana sijui kama ninalo. Kasema marahaba. Kamwamkia Bibi, kala muhogo.

Kisha kaazima koleo kwa Juma Kipa, na toroli. Kuna kifusi kule wanakobomoa ghala la zamani, wanagawa bure. Kajaza, kaja, kamwaga kwenye shimo la kwanza, pale chini ya kibao. Kalikanyaga. Kaenda tena. Safari ya tatu nikachukua jembe nikamfuata.

Mvua hakuna leo. Tumefanya kazi mpaka adhuhuri.

Kapita mama mmoja mgeni, kashika mfuko wa ndizi, anatafuta nyumba ya shemeji yake. Kasoma kibao. Kamuuliza Baba huyu Juma Hamisi ndo yule Alhaji wa Muheza? Nikafungua mdomo. Baba kamjibu kabla yangu.

"La. Baba yangu huyo. Alikuwa akizoa vyoo hapa."

Yule mama kasema haya, kauliza nyumba ya shemeji yake ni ipi. Baba kamwonyesha. Kashika koleo tena.

Tumefika mlango wa Bi Saumu. Kesho tunaendelea.