Kopo la Mbegu Juu ya Jiko

Mama yangu,

Sauti ile bado ninayo masikioni. Mvua za kwanza baada ya kukuzika zilipoanza, wifi aliniomba nishushe kopo la mbegu za maharage, lile la maziwa ya unga uliloliweka juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu. Nililishusha, nikalitikisa kama ulivyozoea kufanya. Maharage hayalii vile. Ilikuwa sauti nyepesi, kavu. Nilijua kabla sijafungua. Vilikuwa vidonge vyako vya moyo, vimechanganyika na majivu.

Sikulia. Nilikaa kwenye kigoda chako nikaikumbuka siku tuliyokuruhusu kutoka hospitalini.

Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Uliletwa ukiwa na miguu iliyovimba na pumzi ya kubahatisha, na sasa miguu ilikuwa imenywea, ukawa unawatania wagonjwa wenzako kwamba unakwenda kuwaonjea ndizi zao. Nilisimama mbele yako na sare yangu ya uuguzi, nikakusomea karatasi kwa Kiswahili cha wodini: vidonge viwili kila asubuhi, bila kuacha, mpaka siku ya kliniki. Nikakuuliza kama umeelewa.

"Nimeelewa, sista," ukanijibu, na wodi nzima ikacheka.

Nami nilicheka. Tangu nizaliwe, wewe na mimi hatukuwahi kuzungumza Kiswahili. Nyumbani ni Kinyambo. Siku ile niliona aibu kukitumia mbele ya wenzangu.

Wiki chache baadaye ulirudi umevimba. Tulikuuliza kama unakunywa dawa, ukasema unakunywa. Hukudanganya. Ulikunywa mpaka miguu ikapona, kisha ukafanya kile ulichotufundisha sote kibanjani, kwenye shamba letu la migomba. Kila mavuno ulitenga mbegu kwanza, tena zile nzuri, hata mwaka ule tulipokunywa uji mtupu na kaka akanuna. "Ukila yote, utapanda nini?" ulimwambia. Hata vidonge ukaviwekea akiba, ili ugonjwa ukirudi uwe navyo bila kutusumbua. Lakini ugonjwa haukuwa umeondoka. Daktari akaongeza dawa, nami nikakusomea karatasi nyingine, kwa Kiswahili kilekile. Mara ya tatu hukutoka wodini.

Nimechoka, Mama. Kukesha na kubeba wagonjwa nilishazoea. Ninachoshwa na nyuso ninazozitambua mlangoni. Tunamruhusu mtu akiwa anatembea, mwezi haujaisha analetwa amebebwa, nasi tunamuuliza, "Umerudi tena?" kama vile ametukosea. Kisha tunaandika kwenye faili kwamba hafuati maelekezo ya dawa. Hata kwenye faili lako imeandikwa hivyo. Mwandiko ni wangu.

Nilimwendea muuguzi kiongozi, nikamwomba ruhusa ya kuwafuata wagonjwa wa moyo makwao, siku chache baada ya kuruhusiwa. Akasema gari hakuna, na wodini tuko wachache. Nikamwambia nitatumia siku zangu za mapumziko.

"Utachoka, Koku," alisema.

Nilimjibu kwamba nimeshachoka, bora nichokee njiani.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kijiji cha Ndama, kwa bibi mmoja tuliyemruhusu wiki iliyotangulia. Sikuvaa sare. Nilimwamkia kwa Kinyambo, nikala ndizi zake, wala sikumuuliza kama anakunywa dawa. Nilimwomba anionyeshe anapoweka mbegu. Alicheka sana, akataka kujua kama nimekuja kuolewa na mjukuu wake au nimekuja kulima. Kisha akaingia jikoni, akatoka na kibuyu. Vidonge vilikuwa humo, juu ya maharage, vimefungwa kwenye kipande cha kanga.

"Miguu si imepona?" aliniuliza, akininyooshea mmoja niuone.

Niliubonyeza kwa kidole. Shimo likabaki. Nilimweleza taratibu kwamba maji yameanza kurudi, na kwamba dawa ndiyo inayoyazuia. Halafu nilimwomba anieleze yeye alivyoelewa. Alinitazama kama ulivyokuwa ukinitazama nilipokuletea ripoti za shule.

"Kumbe hii haiachiwi mbegu," akasema.

Tulivitoa kibuyuni pamoja, akaviweka kando ya kikombe chake cha chai ya asubuhi. Jioni nilipitia nyumbani. Vidonge vyako nimevirudisha hospitalini. Kopo nimelisafisha, nimelijaza maharage mazuri ya msimu huu, kisha nimelirudisha mahali pake juu ya jiko.

Pumzika, Mama.

Mwanao uliyemwita sista,
Koku