Mvua Ikipita, Tutampeleka Mama

Kwako Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wote waliomo humu ndani. Nakuulizia hali yako, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua, na wifi na watoto. Sisi huku ni wazima, isipokuwa Mama, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ningeweza kukupigia simu, lakini mambo haya kwenye simu ningeyakata katikati na kusingizia mtandao. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia. Tafuta nafasi, keti, usome mpaka mwisho kabla hujasema neno.

Unajua kwamba Mama alivuka milima ile mara moja tu maishani, akiwa msichana wa miaka kumi na minane, juu ya lori la mbao, ameketi akimpa dereva mgongo. Kila kitu alikiona kikimkimbia. Tangu baba atutoke amekuwa akisema angependa kuipita tena barabara ile akitazama mbele. Mwaka huu macho yalipoanza kumchezea, alilisema tena tukiwa mezani, na mume wa mdogo wetu akalidaka neno lile kabla halijatua chini.

Shemeji huyu ulimwona siku ya harusi tu, naye siku ile alikuwa amevaa vizuri na amenyamaza, kwa hiyo niseme humjui. Anafundisha jiografia. Mwinuko mkubwa aliowahi kuupanda ni ngazi za ofisi ya elimu. Ukimpa kikombe cha chai atakwambia majani yake yameota kwenye mwinuko wa mita ngapi, halafu atajimwagia kifuani. Humu ndani nimempachika jina la Bwana Ratiba, na hata mkewe ameshawahi kuteleza akamwita hivyo mbele yake.

Basi Bwana Ratiba akageuza sebule yetu kuwa ofisi ya safari. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alifika na ramani iliyokunjwa mara nane, akaibandika ukutani pale penye picha ya baba, na picha ya baba akailaza juu ya kabati. Akachomeka pini nyekundu mahali pa kulala, pini za buluu mahali pa kutazama mandhari. Umbali aliupima kwa uzi wa kushonea. Kaka, uzi unapita juu ya mlima ukiwa umenyooka, barabara inajipinda mpaka unasahau ulikotoka. Nilikaa nikimtazama akivuta uzi wake, nikajiuliza ni watoto wangapi wa watu wamepita mikononi mwake.

Alitupangia tufike kwenye ziwa la juu saa nne na dakika arobaini asubuhi, tulitazame kwa dakika kumi na mbili, kisha tuondoke. Kilele cha kupitia akakipa dakika ishirini, nadhani kwa sababu ni kirefu zaidi. Gari lingekuwa lile lao dogo jeupe, ambalo tumbo lake linaburuza hata kwenye matuta ya mbele ya shule. Akatueleza, kidole juu, kwamba kwenye miteremko ataachia gari liende frii, bila gia, ili kuokoa mafuta. Jirani yetu fundi cherehani, aliyekuja kuazima pasi, akatikisa kichwa kwa heshima kana kwamba amesikia hotuba. Nimewafukua watu walioteremka frii pale. Nimelivuta lori moja kutoka bondeni kwa mnyororo, na dereva wake bado amekamata usukani.

Maana mimi, Kaka, na hili huhitaji kukumbushwa, nimeichonga barabara ile kwa greda miaka ishirini na mmoja. Najua kona zake kama ninavyojua vidole vyangu. Najua mahali ambapo udongo hukaa kimya miaka mitatu halafu unashuka siku moja bila kuaga. Wanaume wazima walikuwa wakisimamisha magari yao na kuniuliza kama njia inapitika, na nikisema haipitiki waligeuza. Na humu ndani, kwa Jumapili nne mfululizo, hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumapili ya nne nikasema mwenyewe. Nikasema nitaendesha mimi, na gari tutatafuta lililoinuka. Bwana Ratiba akanitolea tabasamu lile la kumpa mwanafunzi aliyekosa kidogo. Akasema, "Shemeji, wewe umezoea mitambo. Hii ni safari ya mandhari, inataka mkono mwepesi." Kisha akafungua daftari lake akanionyesha kuwa hajanisahau. Jina langu lilikuwepo, mstari wa mwisho: mhusika wa maji na biskuti. Mdogo wetu akacheka. Jirani naye akacheka, akiwa ameikumbatia pasi yetu. Mama hakucheka, lakini wakati ule sikuangalia upande wake.

Jumatano iliyofuata nilimpeleka Mama kliniki ya macho. Jumapili nikawaeleza nyumbani kwamba daktari amekataza milima, kwamba presha ya macho na mwinuko havipatani, tusubiri mpaka mvua kubwa ipite. Mdogo wetu alikuandikia habari hiyo, nawe ukajibu kwa barua ndefu, ukasema Mama ana bahati ya kuwa na mtoto mwenye busara karibu yake. Barua ile walinisomea kwa sauti.

Bwana Ratiba hakubisha. Hilo nalo nilimdharau. Mtu aliyehangaika mwezi mzima hata swali moja hakuuliza. Alisema afya ya Mama kwanza, akaanza kung'oa pini moja moja na kuzirudisha kwenye kikopo chake. Akaikunja ramani, akairudisha picha ya baba mahali pake, akaifuta vumbi kwa kiwiko. Nilikaa kwenye kiti changu nikamwangalia, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Nilijiona nimeshinda.

Mvua ikanyesha miezi mitatu. Katika miezi hiyo Mama alianza kumimina maji pembeni ya glasi. Akaanza kumwita mdogo wetu kwa jina langu, na mimi kwa jina la mdogo wetu, mpaka tuongee. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya dirisha, akaniuliza kama kumekucha. Ilikuwa saa sita mchana. Tulirudi kliniki, na daktari, yule yule, binti mmoja mwenye saa iliyomlegea mkononi, akatuambia jicho la kulia limekwisha na la kushoto linaona mwanga tu.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mwanzo wa barua. Kaka, daktari hakukataza milima. Nilimuuliza mimi mwenyewe siku ile ya kwanza, Mama akiwa chumba cha pili akitiwa matone ya macho, na akaniambia mwinuko haumdhuru. Kisha akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba kama kuna kitu Mama anatamani kukiona, tusichelewe, tumpeleke kabla ya mvua. Alisema hivyo hasa, kabla ya mvua. Niliyasikia maneno hayo vizuri, nikayabeba mpaka nyumbani, nikayageuza. Nilitaka pini zile zing'olewe. Nilifikiri miezi mitatu ni kitu gani. Nilifikiri mvua ikipita, yule bwana atakuwa amechoka na michezo yake, na nitampeleka Mama mimi, na kila mtu ataona nani anaijua barabara.

Wiki iliyopita, mvua ilipokatika, nilikwenda kwa Mama asubuhi. Alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo kwa kupapasa, anatafuta mshono kwanza, kisha anajua ni upande gani. Nikamwambia nimepata gari zuri, refu kwenda juu, na kwamba nitamvusha milima mimi mwenyewe, polepole, nimweleze kila tunachopita. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo usiku kucha na niliyaona mazuri.

Mama akamaliza kukunja shati alilokuwa nalo. Akasema, "Siku ile chumba cha matone kilikuwa na pazia tu, mwanangu. Hakikuwa na mlango."

Baadaye nikamuuliza kwa nini alinyamaza, kwa nini hakusema siku ile ile mbele ya wote, akaenda akaona. Akasema hakutaka kuniumbua mbele ya shemeji yangu, maana aliona walivyonicheka na ilivyoniuma. Akasema alidhani nitalisema mwenyewe kabla ya wiki kwisha. "Nilikungoja Jumapili ile, na iliyofuata, na iliyofuata," akasema. "Kila ulipokohoa nilidhani sasa unaanza."

Nikapiga magoti, nikamshika miguu, nikamwomba aniache nimpeleke. Akanipapasa kichwa akitafuta sikio langu, kama anavyofanya siku hizi ili ajue uso uko wapi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Akasema atakwenda, ila atakwenda na mkwe wake, Mwalimu. Akasema, "Nataka kupelekwa na mtu anayetaka nifike."

Mambo ya kuwaambia wengine ameniachia mimi. Alisema yeye mdomo wake umefungwa, niseme au nisiseme.

Alhamisi nilimchukua Bwana Ratiba mpaka kwenye mteremko wa machimbo ya kokoto, nikamfundisha kushuka na gia ya pili. Kaka, anaendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Anakanyaga breki kabla ya kona, ndani ya kona na baada ya kona, na anaongea na usukani. Tuliporudi juu kwa mara ya tano nilizima gari nikamweleza yote, kuanzia pazia mpaka biskuti. Alishuka. Akasimama mbele ya gari akifuta miwani yake kwa pindo la shati, muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji. Nikajiandaa. Nilitaka anitukane, maana angenitukana ningepata pa kumshikia. Akarudi, akaketi, akafunga mkanda, akaniuliza kama tunaweza kurudia tangu juu, kwa sababu ile kona ya mwisho hajaielewa. Tukarudia mara tisa.

Huyo ndiye mtu niliyemdharau mwaka mzima. Bado simwoni kuwa dereva. Lakini nimejitazama mimi, mjuzi wa barabara, niliyetumia ujuzi wote huo kuifunga njia mbele ya mama yangu mzazi, na siwezi hata kukwambia nilichokiona. Mdogo wetu nilimwambia jana. Hajanisemesha, na sitamlaumu.

Wameondoka leo alfajiri kwa gari lile refu, mimi nimebaki. Ramani wamebeba, pini wameziacha. Nimeketi tangu asubuhi nikiwafuata kwa saa ya ukutani, sasa wako daraja la kwanza, sasa wako penye mawe mekundu, sasa mteremko umeanza. Saa tisa na nusu simu ikalia. Alikuwa mdogo wetu, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kupiga. Akasema wako juu kabisa, wamekaa pale saa moja na nusu na hakuna anayetazama saa. Akasema mumewe anamweleza Mama kila kitu, vilele vingapi, mawingu yamekaa wapi, ziwa lina rangi gani, na kwamba vilele viwili amevitaja kwa majina yasiyo yake, ila Mama anaitikia tu na kumwambia endelea.

Kisha akasema Mama ana swali. Anasema tangu wapite daraja la pili gari halirushi, linateleza kama juu ya mkeka. Anauliza kama kipande hicho ndicho nilichokichonga mimi.

Nikamwambia ndiyo. Hilo lilikuwa kweli.

Kaka, zile sifa ulizoniandikia nakurudishia. Nimeitia barua yako humu humu ndani ya bahasha, sistahili kukaa nayo. Nawe ukipata likizo, njoo umwone Mama, na ukifika sema jina lako ungali mlangoni. Nisalimie wifi, watoto wabusu mmoja mmoja, na mguu usiupuuze, upeleke kwa daktari, na ukienda usiende na mtu wa kukusikilizia.

Ni mimi mdogo wako,
dereva wa greda.